Kabaka Mutesa I: Mfalme Aliyeamini na Kubaki Mlangoni

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tulipokuwa Tunduma, mkoani Songwe, kwa ajili ya darsa, kijana mmoja mwenye asili ya Pemba, anayefanya biashara zake pale mpakani, alitusubiri baada ya sala ya Isha. Alituambia kwamba anamuamini Mungu kwa moyo wake wote, hamdhulumu mtu wala hali cha mtu, lakini dini ameiacha kwa sababu haoni haja nayo. Alitaka kujua kama imani yake itamfaa. Mama yake yuko Pemba na hajui hali ya mwanawe. Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, na tukaahidi kuliandika jambo hili kwa urefu, kwani tunajua hayuko peke yake. Tumeona bora tulieleze kwa maisha ya mtu ambaye habari zake zinatuhusu sisi watu wa visiwani.

Mtu huyo ni Kabaka Mutesa I wa Buganda. Uislamu ulifika katika jumba lao kutoka pwani, kwa wafanyabiashara waliopita njia ya Zanzibar. Mnamo mwaka 1844, wakati wa baba yake, Kabaka Suuna, alifika huko mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Aliona watu wakichinjwa kwa amri ya mfalme, akasimama na kumwambia kuwa watu wale wameumbwa na Allah na si halali yake kuwamwaga damu. Hakuna aliyepata kusema maneno kama hayo mbele ya Kabaka. Suuna hakumdhuru, bali alimtaka amfundishe zaidi, akajifunza baadhi ya sura za Qur'ani.

Suuna alifariki mwaka 1856 na Mutesa akakalia kiti. Alikuwa kijana mwenye akili na hamu kubwa ya elimu. Alijifunza Kiarabu na Kiswahili, akajenga msikiti, akaifuata kalenda ya Kiislamu na kuwaamrisha watu wake wasali. Tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka 10. Aliyemuona wakati huo asingekuwa na shaka kuwa mfalme huyu ni Muislamu.

Hata hivyo, palikuwa na jambo moja alilolikataa: kutahiriwa. Mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka kumwagwa, na Mutesa aliogopa kupoteza kiti chake. Alitaka dini isiyomgusa ufalme.

Mwaka 1875 alifika Henry Morton Stanley, akamweleza Ukristo. Mutesa alisikiliza kwa hamu ile ile na kuomba waletwe walimu. Stanley alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesoma kwa wamisionari hapa Unguja, awe akimsomea Biblia.

Mwaka uliofuata walikuja walimu wa Kiislamu kutoka upande wa Misri na Sudan. Waliwaambia vijana wa jumba la mfalme kwamba asiyetahiriwa hafai kuwasalisha, wala nyama aliyoichinja isiliwe. Vijana wakalishika hilo, wakakataa kusali nyuma ya Kabaka na kula nyama yake. Mutesa alikasirika, akaliona hilo kuwa ni uasi. Aliamrisha wakamatwe, na wengi wakachomwa moto Namugongo. Baadhi ya wanahistoria wanataja watu wapatao 70, na wengine wanasema walizidi 100. Walikuwa Waganda, vijana waliosilimu kwa amri yake yeye mwenyewe. Tunamuomba Allah awapokee.

Hapa tuseme neno la kifiqhi. Kutahiriwa ni wajibu kwa mwanamme katika madhehebu yetu ya Shafi, lakini asiyetahiriwa hatoki katika Uislamu kwa sababu hiyo tu, na jamhuri ya maulamaa wanaona alichokichinja ni halali. Pengine walimu wale wangeanza kwa upole. Hata hivyo, dhambi ya damu ni ya aliyeamrisha.

Mwaka 1877 walifika wamisionari wa Kiprotestanti, na mwaka 1879 Wakatoliki. Mutesa aliwakaribisha wote na kuwasikiliza wakibishana mbele yake. Alipotaka kubatizwa aliambiwa awaache wake zake wengi, akakataa. Mwezi wa Disemba 1879, akiwa mgonjwa, baraza lake lilizikataa dini zote za wageni, na akamkaribisha mganga wa Mukasa, mzimu wa ziwa, amtibu. Hakupona. Alifariki mwezi wa Oktoba 1884, hakutahiriwa wala hakubatizwa. Alizikwa Kasubi mwili wake ukiwa kamili, kinyume na mila ya kuukata utaya wa mfalme. Ndugu yake, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa Waislamu wa Buganda.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Tusiseme kuwa Mutesa hakuamini kitu. Anayefunga miaka 10 ana kitu moyoni. Binaadamu ameumbwa na fitra ya kumjua Muumba wake, na hilo halihitaji skuli. Si mbali na Tunduma kuna Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10 lililoanguka kutoka mbinguni. Anayesimama mbele yake atajua kuna Mwenye uwezo. Lakini kimondo hakitamwambia asali vipi, wala amlipe nani haki yake. Hayo huja kwa wahyi na Mitume, na huko ndiko kunakoitwa dini.

Maulamaa wetu wamekhitilafiana kuhusu nafasi ya amali katika maana ya imani, lakini hawakukhitilafiana kwamba moyo unaojua haki kisha ukakataa kunyenyekea haujaamini imani inayookoa. Heraclius, mfalme wa Roma, alitambua ukweli wa Mtume (S.A.W.) akachagua kiti chake. Najashi wa Uhabeshi naye alikuwa mfalme, hakuweza kudhihirisha kila jambo mbele ya watu wake, lakini alijisalimisha, na Mtume (S.A.W.) akamsalia sala ya ghaibu. Wote wawili walijua. Mmoja alinyenyekea na mwengine hakunyenyekea.

Pale Tunduma malori hukaa foleni kwa siku nyingi. Dereva anaiona Nakonde kwa macho yake, anajua bei za huko na pengine anakijua Kibemba, lakini mzigo haujavuka mpaka avuke. Mutesa aliishi zaidi ya miaka 20 katika foleni hiyo. Alichokosa hakikuwa elimu. Alishindwa kuiruhusu imani imuamrishe jambo moja asilolitaka.

Ama hatima yake, hiyo ni ya Allah (S.W.) peke yake, na hatumhukumii maiti. Kwa walio hai, nasaha yetu ni hii: kijana anayesema anaamini bila ya dini asifukuzwe wala asitishwe. Wazee, msimkatie simu. Muulizeni kwa upole ni jambo gani analoogopa litamgusa akirudi, kisha mwambieni aanze na sala moja. Nasi tunamuomba kijana wetu ampigie simu mama yake.

Tunamuomba Allah atuthibitishe sisi na vizazi vyetu. Wallahu a'alam.