Askofu Cassian Spiss na Njia ya Ufalme wa Mbinguni

Katika jubilei hii twamshukuru Mungu, tena twawakumbuka waliotutangulia. Haiwezekani kutaja Peramiho bila kumtaja Askofu Cassian Spiss, wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, aliyeianzisha misioni hiyo, wala hakujaliwa kuyaona mavuno yake.

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1866 katika kijiji cha St. Jakob, katika milima ya Tirol, nchi ya Austria. Alipokwisha kupata upadri akaingia utawa katika monasteri ya St. Ottilien, Ujerumani, ili apelekwe Afrika. Mwaka 1898 akaanza misioni ya Peramiho kati ya Wangoni. Hakungoja watu wajifunze lugha yake. Yeye alijifunza yao, na maandishi yake juu ya Kingoni na Kisutu yakapigwa chapa mwaka 1904. Basi hilo si jambo dogo. Mtu mzima aliyesoma sana hukubali kwa shida kukaa tena kama mtoto na kusahihishwa kila siku. Lakini Bwana wetu alifundisha ya kuwa asiyekubali kuwa kama mtoto hataingia katika Ufalme.

Mwaka 1902 akafanywa Askofu, makao yake yakiwa Dar es Salaam. Hata hivyo hakuwasahau watu wa Ungoni. Mwaka 1905 akashika safari kwa njia ya Kilwa ili kuwarudia, akifuatana na Mabruda Andreas Scholzen na Gabriel Sonntag, na Masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Wakati huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuanza. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kulimishwa pamba kwa nguvu, na mapigo ya watumishi wa serikali ya Wadachi. Tarehe 14 Agosti 1905, karibu na Liwale, Askofu na wenzake wanne wakauawa wote. Katika vita hivyo hivyo misioni ya Peramiho ikateketezwa kwa moto.

Hapa walimu wetu huulizwa na wanafunzi: Je, mkuki humwingiza mtu mbinguni? Twajibu: La. Mkuki hauna ufunguo, wala kofia ya kiaskofu haina. Aingiaye ni yule aliyekwisha kujitoa mwenyewe mikononi mwa Mungu, afe njiani au afe kitandani pake. Tena Ufalme hauanzi siku ya kufa. Huanza moyoni mwa mtu aliye hai, siku anapomwachia Mungu atawale.

Tena liko jambo la pili, ambalo sisi watu wa Songea hatuna ruhusa kulisahau. Mwezi wa Februari 1906 serikali ya Wadachi iliwanyonga mjini Songea wakuu na wapiganaji wa Wangoni zaidi ya 60. Kabla ya kunyongwa, Padri Johannes Häfliger, ndugu wa shirika lile lile la Askofu aliyeuawa, akaingia gerezani akawafundisha, na wengi wao wakapokea ubatizo.

Hatusemi haya ili kuwahesabia haki waliowanyonga. Padri na hakimu walitoka Ulaya wote wawili, na mfungwa aliyefungwa minyororo hakuwa na siku nyingi za kufikiri. Wako wajukuu wanaouliza kama ubatizo ule ulikuwa wa hiari, na swali lao ni la haki. Mungu peke yake ajua moyo wa kila mmoja. Lakini twamkumbuka mwivi wa msalabani, asiyekuwa na kitu cha kumpa Bwana ila ombi moja, naye akapokewa siku ile ile.

Basi Askofu aliyefanya kazi tangu asubuhi, na mfungwa aliyeitwa jioni, twatumaini wamepewa ujira mmoja. Iwapo ni hivyo, wanakaa meza moja watu ambao hapa duniani vita viliwatenga. Mtu asiyetaka kuketi karibu na adui yake, afanye nini katika Ufalme kama huo?

Enyi wakristo wapendwa, hatumwiti Askofu Cassian mtakatifu, maana hilo ni la Kanisa kuamua. Twaiga mfano wake tu. Mwenye neno na jirani yake, na alimalize kabla ya misa ya jubilei. Na tuwaombee wote waliokufa katika vita ile, wa upande huu na wa upande ule, kwa sala moja.