Askofu Nicole Oresme na Swali la Kipi Kinachosogea

Tukisikia jina la mji wa Lisieux, Ufaransa, mara moja tunamkumbuka Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Wachache kati yetu wanajua kwamba karne tano kabla yake mji huo ulikuwa na Askofu aliyejiuliza kama ni jua linalozunguka au ni dunia.

Nicole Oresme alizaliwa Normandie mnamo mwaka 1320 hivi. Alisoma Paris katika Chuo cha Navarre, akawa mkuu wake mwaka 1356. Mfalme Charles V alimwomba atafsiri baadhi ya vitabu vya Aristotle kwa Kifaransa, na mwaka 1377, mwaka uleule alioteuliwa kuwa Askofu, alikamilisha kile kinachohusu mbingu na dunia, pamoja na maelezo yake mwenyewe.

Humo ndimo alimojadili swali hilo. Tuwaze vyombo viwili baharini, wala hakuna kingine kinachoonekana. Aliyemo katika kimoja hawezi kujua kwa macho tu ni kipi kinachokwenda. Nasi tumeyaonja hayo stendi: basi la jirani linarudi nyuma, tukadhani letu limeondoka. Basi, kuona jua likichomoza hakuthibitishi kwamba mbingu ndizo zizungukazo.

Hoja ya kale ilidai kwamba, kama dunia ingezunguka kuelekea mashariki, mshale uliorushwa juu wima ungeangukia mbali upande wa magharibi. Oresme akajibu kwa mfano wa merikebu iendayo kasi: abiria akishusha mkono kando ya mlingoti, huuona ukishuka wima, ingawa wakati huohuo unasafiri na chombo. Mshale nao huenda pamoja na dunia. Kwetu sisi, hili ndilo jibu lake bora. Galileo naye alikuja kutumia mfano wa merikebu mwaka 1632.

Yalibaki Maandiko. Kuhusu jua kusimama katika Kitabu cha Yoshua, aliona kwamba Maandiko yaweza kufuata usemi wa kawaida wa watu. Hata hivyo, mwishoni alishika Zaburi inayoutaja ulimwengu kuwa imara, akabaki na maoni kwamba mbingu ndizo zinazozunguka. Wapo wanaomwona mwoga. Sisi hatudhani hivyo: alikuwa ameonyesha kwamba hoja za pande zote mbili hazikutosha, naye hakutaka kudai asichoweza kukithibitisha.

Alifariki Lisieux tarehe 11 Julai 1382. Kitabu cha Copernicus, kanoni wa Kanisa Kuu la Frombork, kilitoka mwaka 1543.