Joseph Bramah: Seremala aliyewapa wahunzi nguvu ya jeki

FUNDI wa Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, anayechukua jeki ya lori, akaisimamisha ndani ya fremu ya vyuma vizito vilivyochomelewa na kuitumia kubana chuma chekundu kutoka kwenye moto, huwa anatumia wazo lililosajiliwa London mwaka 1795. Mwenye wazo hilo hakuwa mhunzi. Alikuwa seremala, mtoto wa mkulima, na huenda asingeingia katika ufundi kabisa kama asingeumia mguu.

Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza. Kama watoto wengine wa wakulima wa enzi hizo, alitarajiwa kushika jembe la baba yake. Akiwa kijana wa takriban miaka 16 aliumia kifundo cha mguu, na kazi ya shamba ikawa haimfai tena. Wazazi wake wakampeleka kwa seremala wa kijijini akajifunze kazi.

Alipohitimu alikwenda London na kuanza kutengeneza samani. Miongoni mwa kazi alizopewa ni kufunga vyoo vya kuvuta maji katika nyumba za matajiri. Vyoo vya wakati huo vilikuwa na kasoro, kwani vali zake zilishindwa kufanya kazi vizuri wakati wa baridi kali. Bramah akabuni vali bora zaidi, na mwaka 1778 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake. Choo hicho ndicho kilichomtoa katika umaskini.

Mwaka 1784 alisajili kitasa ambacho wezi wa London hawakukiweza. Karakana yake ya Piccadilly iliweka dirishani kufuli la aina hiyo, pamoja na ahadi ya kumpa gini 200 yeyote atakayelifungua bila ufunguo wake. Kufuli hilo lilikaa miongo kadhaa bila kushindwa, hadi mwaka 1851, Bramah akiwa amekwishafariki, ambapo Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua baada ya kuhangaika nalo kwa saa 51 zilizogawanywa katika siku 16.

Hata hivyo, kitasa hicho kilimletea Bramah tatizo. Vipande vyake vilihitaji vipimo sahihi mno, na mafundi waliotegemea tupa na macho yao walivitengeneza polepole na kwa gharama kubwa. Ndipo mwaka 1789 alipomwajiri Henry Maudslay, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akifua chuma katika ghala la silaha la Woolwich. Wazee wa karakana hawakufurahia kuletewa mtoto, lakini kijana huyo aliunda mashine za kutengenezea vitasa na muda si mrefu akawa msimamizi wao.

Kwa msomaji wa Shinyanga, kitasa na choo si kitu mbele ya hataza ya mwaka 1795. Bramah alichukua kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal zaidi ya miaka 100 kabla yake, kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja hupeleka msukumo huo kila upande kwa kiwango kile kile. Akaunganisha silinda mbili, moja nyembamba na nyingine nene, na kuzijaza maji.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimeta moja na kubwa ina kipenyo cha sentimeta 10, eneo la kubwa ni mara 100 ya lile la ndogo. Anayesukuma ndogo kwa uzito wa kilo 50 huinua tani tano upande wa pili. Malipo yake yapo katika mwendo: ili pistoni kubwa ipande sentimeta moja, ile ndogo lazima isafiri jumla ya sentimeta 100. Ndiyo sababu mpini wa jeki hupampiwa mara nyingi, na ndiyo sababu mhunzi anayetegemea jeki ya mkono huona chuma chake kikipoa kabla hajamaliza kukibana. Wenye uwezo hufunga pampu inayozungushwa na mota.

Kwenye karatasi mashine ilikuwa kamili, lakini karakanani ilivuja. Pistoni iliyokazwa kwa kamba na ngozi ilizuia maji, lakini ilikwama isirudi. Ilipolegezwa, ilirudi vizuri, na maji nayo yakaruka nje. Jibu lilikuwa pete ya ngozi iliyokunjwa kama herufi U, mdomo wake ukielekea kwenye maji. Maji yanapokandamizwa huingia ndani ya mkunjo na kuutanua, kwa hiyo ngozi huzidi kubana kadiri msukumo unavyoongezeka. Msukumo ukiondolewa, ngozi hulegea na pistoni hurudi.

Nani aliyeibuni pete hiyo? Hataza ilikuwa ya Bramah. Lakini mhandisi James Nasmyth, aliyewahi kuwa msaidizi wa Maudslay, alishikilia baadaye kwamba wazo lilikuwa la Maudslay. Kama ndivyo, mashine ambayo leo inawapumzisha wahunzi mikono ilikamilishwa na mhunzi.

Ujira wake haukulingana na kazi hiyo. Mwaka 1797, akiwa na mke na watoto, Maudslay alikuwa akilipwa shilingi 30 za Kiingereza kwa wiki. Aliomba nyongeza, Bramah akakataa, na kijana akaondoka kwenda kufungua karakana yake. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya Bramah. Katika karakana hiyo mpya, Maudslay aliiboresha mashine ya kukereza skrubu kwa vipimo sahihi, na kwake walipita mafundi kama Nasmyth na Joseph Whitworth.

Bramah aliendelea kubuni. Mwaka 1806 alitengeneza mashine ya kuchapa namba kwenye noti za Benki Kuu ya Uingereza. Mashine yake ya maji nayo ilienea katika kukamua mafuta na kufunga marobota, kazi ambayo wakazi wa mikoa ya pamba kama Shinyanga wanaielewa bila kuelezwa.

Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyomfikisha mwisho. Mwaka 1814 alikwenda katika msitu wa Holt, kusini mwa Uingereza, kusimamia majaribio ya kung'oa miti kwa nguvu ya maji. Zaidi ya miti 300 iling'olewa. Akiwa huko alipatwa na baridi iliyogeuka kuwa ugonjwa mkali, na Desemba 9 mwaka huo akafariki dunia London, akiwa na umri wa miaka 66.

Wala nguvu hiyo si ya kuchezewa. Agosti 1849, mashine ya aina hiyo ilipokuwa ikiinua sehemu ya daraja la Britannia huko Wales, kitako cha silinda yake kilipasuka ghafla. Daraja lilianguka inchi chache tu, kwa kuwa mhandisi Robert Stephenson alikuwa ameagiza liwekewe egemeo chini kila lilipopanda. Karakana ndogo hazina budi kujihadhari vivyo hivyo. Mchomeleo dhaifu kwenye fremu ya jeki ya tani 20 huweza kuachia bila onyo, na mafuta yanayochuruzika kwa msukumo mkubwa kupitia tundu dogo huweza kupenya ngozi ya mtu au kuwaka yakigusa chuma cha moto. Aidha, jeki nyingi za lori hazifanyi kazi zikipinduliwa kichwa chini, hivyo fremu hupangwa ili jeki isimame na kusukuma meza kwenda juu.

Bramah hakuishi kuona chuma kikifuliwa hivyo viwandani. Huko Geita na Uzinza, Warongo waliendelea kuyeyusha chuma na kufua kwa nguvu za mikono majembe yaliyofika hadi Usukumani na kutolewa kama mahari. Huko Vienna, mwanzoni mwa miaka ya 1860, Mskoti John Haswell aliweka mashine ya maji ya kufulia vipuri vya injini za treni. Viwanda vya Ulaya vilimfuata, maji yakaja kubadilishwa kwa mafuta, na ngozi ikabadilishwa kwa mpira. Sili nyingi bado zimekunjwa kama herufi U.