Shaaban Robert na Wajumbe wa Kusadikika

Ndugu msomaji, katika mkoa huu wa Singida wako vijana ambao wakikaa jioni moja tu kusikiliza maneno mapya ya dini, asubuhi yake huambiwa na jamaa zao kwamba wamekwisha potea. Hawaulizwi wamesikia nini. Kosa lao ni kusikia. Kwa ajili ya vijana hao, na zaidi kwa ajili ya jamaa zao, nimeona yafaa nieleze habari za marehemu Shaaban Robert. Mashairi yake wengi wenu mliyasoma shuleni, lakini ni wachache walioitazama tabia yake hii: hakulikataa neno kabla ya kulipima.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Jina la baba yake huwafanya wengi wadhani kuwa alikuwa Mkristo. Sivyo; alikuwa Mwislamu. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaingia ukarani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni. Shule yake ikaishia hapo. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe vitabuni, huku akila mshahara mdogo wa karani.

Mwaka 1952 ilichapwa tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam, mtaalamu wa hesabu na nyota wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131. Litafakari jambo hili, ndugu yangu. Mashairi hayo yanataja mvinyo mara kwa mara, na yanauliza juu ya mauti na majaliwa maswali ambayo wacha Mungu wengi huogopa hata kuyanong'ona. Wako wasemao mvinyo ule ni fumbo, na wako wasemao ni mvinyo hasa. Shaaban Robert aliyapata kwa Kiingereza cha FitzGerald. Angeweza kuyapita kimya, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliyavika Kiswahili ili watu wa nchi hizi wayapime wenyewe. Naye akaendelea kutunga mashairi ya kumwelekea Mungu kama alivyokuwa akifanya awali.

Kadhalika aliandika wasifu wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyekuwa muuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwanamke, maskini, tena mwimba taarabu! Wangapi katika zama zile wangeona kuwa kwake kuna la kujifunza?

Lakini hoja yake kubwa imo katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani, mmoja mashariki, mmoja kaskazini, mwingine magharibi, mwingine kusini, wa tano mbinguni na wa sita ardhini, ili walete maarifa ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alirudi na maarifa. Kila mmoja alitiwa gerezani.

Angalia sana ubaya wa hukumu ile. Wajumbe hawakutoroka, walitumwa. Kusadikika iliyataka maarifa mapya maadamu yalikuwa mbali, nayo yalipofika mlangoni ikayaona uhalifu. Isidhaniwe kwamba Karama anataka kila jambo geni lipokewe kwa kuwa ni geni. La, anachokitaka ni baraza lisikilize hoja na kuipima kwa haki. Mwishowe mfalme anasikia, na waliofungwa wanafunguliwa. Baadhi ya wasomaji wameona katika Kusadikika sura ya serikali ya kikoloni. Yaweza kuwa hivyo. Mimi naona pia sura ya nyumba nyingi tunazozijua, ambamo baba humsomesha mtoto kwa kuuza ng'ombe, kisha humkasirikia akirudi na swali.

Shaaban Robert alifariki tarehe 20 Juni 1962, akazikwa Machui, si mbali na alikozaliwa. Kitabu chake kingine, Kufikirika, ambamo mwalimu Utubusara anafukuzwa kazi kwa kuleta njia mpya za kumfundisha mwana wa mfalme, kilichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kuingia kaburini.