Daktari Adrian Atiman wa Karema

Katika mwaka wa Jubilei waamini husimuliwa habari za Maaskofu na Mapadre waliotuletea dini, nayo ni haki. Katika kurasa hizi twataka kueleza maisha ya mtu ambaye hakuwa Padre, wala hakuzaliwa katika nchi yetu, wala hakukaa sana Tabora. Alipita tu, kwa miguu, katika njia ya misafara, akielekea Ziwa Tanganyika. Lakini walimu wa Ntalikwa, wa Kipalapala na wa Kwihara, wakitaka kuwaeleza watoto njia ile ilikuwa nini, hawatapata habari iliyo bora kuliko yake.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika Afrika ya Magharibi. Wazazi wake walikuwa watu huru. Alipokuwa bado mtoto mdogo alinyakuliwa na wezi wa watu, akauzwa kwa Watuareg, ndio watu wa jangwani wenye kufunika nyuso zao. Hao wakamvukisha jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine. Wengi waliopitishwa jangwani hawakufika, maana kiu na jua na viboko viliwaua njiani. Yeye alifika, akapelekwa katika vijiji vya jangwani kusini mwa Algeria, akawekwa auzwe. Huko, yapata mwaka 1876, akanunuliwa na Mapadre Weupe, wakampa uhuru wake.

Hapa mwalimu atasimama kidogo, kwa kuwa watoto wenye akili watauliza: Je, Mapadre nao walinunua watu? Naam, walinunua, nasi hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Walitoa fedha ili mtoto asiende utumwani. Lakini fedha hizo ziliingia mkononi mwa mwuzaji, naye aliweza kwenda kutafuta mtoto mwingine. Kardinali Lavigerie, aliyekuwa mkuu wao, aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakuwezi kuikausha biashara ile. Kwa hiyo mwaka 1888, kwa agizo la Papa Leo XIII, alizunguka katika miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akiwashitaki mbele ya watu wote wale waliowauza Waafrika, na kuwataka wafalme waizuie biashara ile.

Kardinali alikuwa na shauri lingine, nalo ndilo lililomleta Atiman kwetu. Aliona ya kuwa Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe. Tena hakutaka vijana wake wageuzwe kuwa Wazungu weusi, wasioweza tena kula chakula cha nyumbani wala kulala nyumbani mwa ndugu zao. Alitaka wajifunze uganga, kisha wakae kati ya watu, wakioa na kulima, wakiponya miili na kufundisha Katekisimu. Basi mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, na vijana waliokombolewa wakapelekwa huko wasome uganga katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Atiman alikuwa mmoja wao. Akabatizwa, akapewa jina la Adrian, akasoma kwa muda wa miaka sita hivi, hata akawa mganga kamili.

Mwaka 1888 alivuka bahari pamoja na wamisionari na baadhi ya wenzake, akashuka Zanzibar. Hawakuwa wamekawia kuondoka pwani, vita vya Abushiri na Wajerumani vikawaka huko nyuma yao. Msafara ukashika njia ipitayo Ugogo hata Unyanyembe, iliyokuwa chini ya Mtemi Isike. Wakati ule Mapadre walikuwa bado wanakaa Kipalapala, wakilea watoto waliokombolewa. Mwaka uliofuata, yaani 1889, iliwalazimu kuiacha misioni ile kwa ajili ya uadui uliokuwapo, wakahama na watoto wao kwenda Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza.

Fikirini sasa kijana yule katika njia ile. Yeye alikuwa akielekea bara, na pembe za ndovu na watumwa walikuwa wakiteremshwa pwani. Soko la Zanzibar lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini bara biashara ilikuwa ikiendelea. Wengi wa watumwa wale walitoka Manyema na ng'ambo ya Ziwa, wakapitia Ujiji na Tabora, na wengine wakabakizwa papa hapa.

Neno hili ni zito katika parokia zetu. Katika benchi moja la kanisa hukaa leo mjukuu wa mpagazi, na mjukuu wa mtumwa, na mjukuu wa bwana wa watumwa, na mara nyingine wote watatu ni watu wa nyumba moja. Kwa sababu hiyo wazee wengi walinyamaza, na walimu nao wakanyamaza. Lakini kunyamaza huko kumeleta makosa. Watoto wengine hudhani ya kuwa kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Sivyo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wenye kujikodisha kwa ujira, watu huru, waliojisifia safari zao, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima sawasawa. Watoto wengine hudhani ya kuwa wenye makosa walikuwa wageni tu. Hilo nalo si kweli. Wanyamwezi wengine, walipopata mali kwa pembe, walinunua watu wa kuwalimia mashamba. Na watemi wengine waliwauza mateka wao wa vita. Mtoto akifundishwa habari hizi zote mbili pamoja, hatakuwa na haja ya kuionea haya nchi yake, wala ya kuisifu kwa uongo. Atiman mwenyewe aliuzwa na watu weusi kwa watu wa jangwani, naye hakukana.

Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Palikuwa na boma lililoanzwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia Mapadre mwaka 1885. Wakati ule maboma yalikuwa na kazi yake. Wavamizi walizunguka kando ya Ziwa, na ng'ambo, pande za Mpala, Kapiteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliwakusanya vijana akawazuia kwa bunduki. Atiman hakupewa bunduki, bali sanduku la dawa. Majeruhi waliletwa kwake, na wagonjwa wa ndui, na watu wenye vidonda vya minyororo shingoni. Mtu aweza kusema mengi juu ya utumwa kitabuni. Yeye aliuosha kwa maji ya moto na kuufunga kwa kitambaa.

Alimwoa Agnes, wa ukoo wa watawala wa Wabende. Kwa ndoa hiyo akawa mtu wa pale, mwenye wakwe na shemeji. Wakapata mtoto mwanamume, Joseph, naye mwaka 1923 akapata Upadre. Sisi twaona hili ni jambo la kufikiriwa na kila mzazi. Watu waliomnyakua Atiman walikata ukoo wake, hata asiweze kurudi kamwe kwa baba yake. Kumbe baada ya miaka isiyozidi hamsini mwanawe akasimama altareni katika nchi ambayo babu yake hakuisikia hata jina.

Kazi yake ya kila siku haikuwa na makuu. Asubuhi aliwapokea wagonjwa, akaenda nyumbani kwa wale wasioweza kutembea, akafundisha dini. Dawa za Ulaya zilipokwisha, na mara nyingi zilikwisha, kwa kuwa kabla ya gari la moshi kufika Kigoma mwaka 1914 mizigo yote ilibebwa kichwani, alitafuta mizizi na majani ya porini, akawauliza waganga wa kienyeji, akajaribu, akashika zile zilizofaa na kuziacha zilizo za bure. Malale ilipoingia kando ya Ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, watu wakihamishwa na vijiji vikibaki mahame, yeye alibaki na wagonjwa.

Aliona utawala wa Wajerumani ukija na kwenda. Aliona sheria ya Wajerumani iliyowapa uhuru watoto wote wa watumwa waliozaliwa tangu mwaka 1906. Aliishi hata akaona mwaka 1922, Waingereza walipoufuta utumwa kabisa katika Tanganyika, miaka 33 tangu kufika kwake Karema. Waamini wakumbuke hesabu hiyo: uhuru wa sheria ulichelewa sana.

Katika uzee wake alisimulia maisha yake, yakaandikwa, na mwaka 1946 yakapigwa chapa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baba Mtakatifu alimpa nishani. Watu wa Karema walizidi kumwita mganga, wakamletea watoto kama ambavyo bibi zao walivyoletwa kwake.

Alifariki tarehe 24 Aprili 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi, baada ya kukaa Karema miaka 67. Akazikwa huko huko, katika makaburi ya misioni, pamoja na wamisionari aliowatibu.