Ignatius Musaazi, Mtetezi wa Wakulima

Marehemu Ignatius Kangave Musaazi alizaliwa mwaka 1905 kijijini Timuna, karibu na Wobulenzi. Tangu ujana wake hadi uhuru hakuacha kutetea haki za mkulima na mfanyakazi.

Mwaka 1938, yeye na James Kivu waliunda chama cha Wana wa Kintu. Lawama zao ziliwaelekea wakubwa wa Mengo, makao ya serikali ya Buganda, pamoja na Waingereza waliowaunga mkono. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Musaazi aliongoza Chama cha Wakulima Waafrika. Siku hizo mkulima alilima pamba kwa jasho lake, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa wengine.

Tarehe 25 Aprili 1949 umati ulikusanyika Mengo, mbele ya jumba la Kabaka Mutesa wa Pili. Wananchi walidai wachambue pamba yao wenyewe, waiuze wapendako, na wajichagulie machifu. Hawakuridhishwa. Ghasia zikazuka, nyumba zikateketezwa, na watu wakauawa kwa risasi. Mkoloni akakipiga marufuku chama cha wakulima.

Musaazi hakukata tamaa. Aliunda shirikisho jipya la wakulima, akiungwa mkono na wasoshalisti wa Uingereza, miongoni mwao Fenner Brockway, mbunge wa chama cha Labour. Mwaka 1952 alianzisha Uganda National Congress, chama kilichodai uhuru kwa nchi nzima. Gavana Andrew Cohen alipomhamisha Kabaka mwaka 1953, Congress iliongoza mgomo wa kutonunua bidhaa madukani. Kabaka alirejea Oktoba 1955.

Baadaye chama kiligawanyika, na uongozi wa taifa ukashikwa na wengine. Bendera ya uhuru ilipopandishwa Kololo tarehe 9 Oktoba 1962, Musaazi hakuwa mkuu wa serikali.

Alifariki dunia mwaka 1990, akazikwa papo hapo Kololo, kwenye uwanja wa gwaride za taifa. Mtu ambaye serikali ya kikoloni ilimhesabu kuwa mchochezi, taifa lilimlaza mahali pa heshima. Askari na polisi wanaopita uwanjani hapo kwa hatua za gwaride wakumbuke kwamba raia anayedai haki yake si adui wa nchi. Bunduki iliutawanya umati wa Mengo, lakini haikuyamaliza madai yake.