Munro na Pikipiki Yake Kuukuu

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba kazi ya mikono ni ya aliyeshindwa na masomo. Ningependa wayatafakari maisha ya Burt Munro wa New Zealand, aliyezaliwa 1899 na kuaga dunia 1978.

Mwaka wa 1920 Munro alinunua pikipiki aina ya Indian Scout, ambayo mbio zake hazikuzidi kilomita 90 hivi kwa saa. Ilipochakaa hakuiuza. Katika karakana yake ya nyumbani mjini Invercargill, alimokuwa pia akilala, aliyeyusha vyuma vikuukuu na kuvimimina katika mikebe ili apate pistoni. Spoki ya gurudumu aliifanya chombo cha kupimia. Vipuri vilipopasuka, navyo vilipasuka mara nyingi, alivipanga rafuni badala ya kuvitupa. Kwangu mimi rafu hiyo yashinda vyeti vingi, maana kila kipande kilionyesha mahali chuma kilipolemewa. Ni walimu wangapi tunaoyahifadhi makosa ya wanafunzi wetu kwa heshima kama hiyo?

Hatua kwa hatua, injini ya sentimita za ujazo 600 ikafikishwa 950. Tarehe 26 Agosti 1967, Munro akiwa na umri wa miaka 68, aliiendesha kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 1,000. Waliopiga hesabu siku hiyo walikosea. Mwanawe ndiye aliyegundua, na 2014 rekodi ikasahihishwa, ikapanda hadi kilomita 296 kwa saa.